Kopo la Mama

Bwenini tuliweka dawa kwenye tranka, chini ya bati lililochoma mchana kutwa. Dozi ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Nilipopata nafuu siku ya pili niliacha, nikabakiza 8. Mwenzangu wa kitanda cha juu alipopata homa nikampa hivyo, bila kupima. Siku tatu baadaye tulimbeba usiku hadi zahanati.

Nilijifunza kwa mama, hapa Gorong'a. Usichanani alibakiza klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha mwaka 2001 vimelea vilipoizoea. SP iliyoifuata ikaachwa mwaka 2006, ukaja mseto. Kopo lake halikubadilika. Likizo hii nimelifungua: mna vidonge vinne.