Bin Said, na Mama Je?

Kwa wafalme wa Ulaya, mtoto wa nje ya ndoa kwa kawaida hakurithi kiti. Kwa Al Busaidi wa Unguja, mtoto wa suria alirithi sawa na mwingine. Sayyid Said alipofariki 1856 aliacha watoto 36, kwa hesabu ya binti yake Salme, na wote mama zao masuria. Wanne walitawala Unguja: Majid, Barghash, Khalifa, Ali. Lakini fuata nasaba yao: bin Said, bin Said. Mama hayumo! Ni Salme, kwenye kitabu alichokitoa Ujerumani 1886, anayetutajia mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa utotoni.

Na kwetu Mlandege je? Mzee atakuhesabia mababu bila kusita. Hebu muulize na bibi zake.