Bunduki na Baraza: Habari za Nchi ya Kongo, 1960 hadi 1997

Siku moja nilikuwa nikifundisha darasa la saba habari za nchi za Afrika Magharibi, nikawaeleza watoto jinsi askari walivyoziondoa serikali zao: Mali katika mwaka wa 2020 na tena 2021, Burkina Faso mara mbili katika mwaka wa 2022, na Niger katika mwezi wa Julai, 2023. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akaniuliza, "Mwalimu, kama mtawala ni mbaya, naye hataki kuondoka, je, askari akimwondoa si amefanya mema?"

Sikumjibu papo hapo, maana swali lake si la kujibiwa kwa neno moja. Hata wazee wa kijiji chetu, waliposikia habari hizo katika redio, wengine walishangilia, na wengine walitikisa kichwa. Basi jioni ile nilifungua vitabu vyangu, nikaona ya kuwa jibu lake liko karibu nasi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo. Habari hizo ndizo nitakazo kuwaeleza, ndugu wasomaji.

Jeshi lisilo na maofisa wa kwao

Wabelgiji walitawala Kongo tangu mwaka wa 1908. Kabla ya hapo, tangu 1885, nchi ilikuwa mali ya mfalme wao Leopold wa Pili, kama shamba la mtu mmoja. Katika siku zake liliundwa jeshi lililoitwa Force Publique. Kazi yake kubwa haikuwa kuwalinda wenyeji, bali kuwashurutisha walete mpira wa mwituni na pembe za ndovu. Wazee wa Tabora walilijua sana jeshi hilo, kwa kuwa ndilo lililouteka mji wao mikononi mwa Wajerumani katika Septemba, 1916.

Ulipokaribia uhuru, jeshi hilo lilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa wapatao 1,000. Maofisa hao wote walikuwa Wazungu. Mwafrika hakupewa cheo cha ofisa, hata kama ametumika miaka ishirini. Na katika mambo ya elimu ilikuwa vivyo hivyo: shule za chini zilikuwa nyingi, lakini Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika thelathini katika nchi iliyo kubwa kuliko Tanzania zaidi ya mara mbili. Ndivyo nyumba ilivyojengwa: kuta ndefu, lakini haina nguzo ndani.

Tarehe 30 Juni, 1960, bendera ya Wabelgiji ilishushwa. Joseph Kasavubu akawa Rais, na Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta zamani, akawa Waziri Mkuu. Mfalme Baudouin alisimama mbele ya watu akamsifu Leopold kwa kazi yake. Lumumba naye akasimama akayataja mapigo, matusi na kazi za kulazimishwa walizozipata Wakongo. Wenyeji walifurahi sana, wageni wakakasirika.

Zilipopita siku tano tu, Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi, aliwakusanya askari wenye vyeo katika kambi ya Léopoldville, mji ambao leo huitwa Kinshasa. Akaandika ubaoni maneno ya maana hii: kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Alitaka kuwaonyesha ya kuwa jeshini hapana kitakachobadilika. Mimi ni mwalimu, kila siku naandika ubaoni. Lakini sijui maneno mengine ya ubaoni yaliyoigharimu nchi kama hayo. Jioni ile ile askari walianza kuasi. Walitaka mshahara zaidi, na vyeo, na Wazungu waondolewe. Wengine wao waliwapiga watu na kuwatendea wanawake maovu. Wazungu wakakimbia kwa maelfu, pamoja na mahakimu, mabwana posta, mafundi na waganga.

Lumumba alimwondoa Janssens, akampandisha kila askari cheo kimoja, akaweka maofisa Wakongo. Mmoja wao alikuwa Joseph Mobutu, aliyepata kuwa sajini karani katika jeshi hilo, kisha akawa mwandishi wa magazeti. Huyu akafanywa kanali. Lumumba alimwamini kama rafiki.

Mali iliyo chini ya ardhi

Sasa wageni wakaingia. Wabelgiji walileta askari wao tarehe 10 Julai bila kuombwa na serikali, wakisema wanawaokoa watu wao. Siku ya pili yake Moïse Tshombe alitangaza ya kuwa jimbo la Katanga limejitenga. Katanga ndiko kulikokuwa na shaba ya kampani kubwa ya Union Minière, na fedha ya shaba hiyo ilikuwa fungu kubwa la mapato ya Kongo yote. Kampani ikawa inalipa kodi kwa Tshombe, na maofisa wa Kibelgiji wakamjengea jeshi. Katika mwezi wa Agosti jimbo la Kasai Kusini, lenye almasi, nalo likajitenga. Basi serikali ya Lumumba ilikuwa na bendera na wimbo wa taifa, lakini mfuko ulikuwa mkononi mwa wengine.

Lumumba na Kasavubu waliomba msaada kwa Umoja wa Mataifa, na askari wa mataifa mengi wakaja. Lakini hawakukubali kuingia Katanga kwa vita mwaka ule. Ndipo Lumumba alipowaomba Warusi, nao wakampa ndege na magari. Akapeleka jeshi Kasai; askari wake wakaua raia wengi wa Kibaluba. Neno hili halifai kufichwa kwa sababu tunamhurumia Lumumba kwa yale yaliyompata baadaye.

Wakati huo Marekani na Urusi walikuwa katika ushindani ule ulioitwa vita baridi, yaani uadui wa wakubwa wasiopigana wenyewe kwa wenyewe, bali hupigana katika ua wa watu wengine. Marekani waliogopa Warusi wasipate mguu katikati ya Afrika. Tena walikuwa wanakumbuka ya kuwa madini ya urani ya Shinkolobwe, huko huko Katanga, ndiyo yaliyotumika katika kufanyiza mabomu ya mwaka wa 1945. Warusi nao walitaka rafiki mahali pasipokuwa na rafiki yao. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuja kwa ajili ya mwanamke wa Kasai achimbaye muhogo wake.

Mobutu anasimama kati

Tarehe 5 Septemba, 1960, Kasavubu alitangaza katika redio ya kuwa amemwondoa Lumumba. Saa ile ile Lumumba akatangaza ya kuwa amemwondoa Kasavubu. Nchi ikawa na vichwa viwili vilivyokanana. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akasema katika redio ya kuwa jeshi linawaweka kando wote wawili mpaka mwisho wa mwaka, wapate kutulia. Akaweka vijana wa vyuo vikuu waendeshe kazi za serikali, akawafukuza wajumbe wa Urusi. Alisema hapindui serikali. Lakini wajumbe wa Marekani walijua habari zake mbele, na walimsaidia kwa fedha. Kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ilieleza katika mwaka wa 1975 ya kuwa katika siku hizo watu wao wa siri walipelekewa sumu ya kumwua Lumumba, ingawa haikutumika.

Lumumba alikaa nyumbani, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa na kuzungukwa na askari wa Mobutu. Mwisho wa Novemba alitoroka usiku, akaelekea Stanleyville walikokuwa watu wake. Akakamatwa tarehe 1 Desemba. Tarehe 17 Januari, 1961, alipelekwa kwa ndege Katanga, mikononi mwa adui zake, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakapigwa sana, na usiku ule ule wakauawa kwa risasi, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Miili yao ikaharibiwa kwa tindikali, hata pasiwe na kaburi. Katika mwaka wa 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi, na mwezi wa Juni, 2022, ikawarudishia jamaa zake jino moja, ndilo lililobaki. Jino hilo likazikwa Kinshasa kwa heshima ya taifa. Mzazi yeyote asomaye haya ajiulize jinsi watoto wake walivyongoja miaka 61 kumzika baba yao.

Askari alivyokuwa mfalme

Katanga ilirudishwa katika mwezi wa Januari, 1963, lakini amani haikurudi. Katika mwaka wa 1964 waasi walioitwa Simba waliteka nusu ya mashariki. Wengi wao walisema lugha yetu ya Kiswahili. Serikali ikaleta mamluki Wazungu, na askari wa Kibelgiji wakashuka Stanleyville kutoka katika ndege za Kimarekani. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wakuba kuwasaidia waasi, akarudi bila mafanikio.

Wanasiasa wa Léopoldville wakagombana tena, na tarehe 24 Novemba, 1965, Mobutu akatwaa nchi yote. Alisema ya kuwa atatawala miaka mitano tu, mpaka mambo yatengenee. Watu wengi walishangilia, kwa kuwa walichoka. Mwaka uliofuata aliwanyonga hadharani mawaziri wanne wa zamani, mmoja wao Évariste Kimba, aliyepata kuwa Waziri Mkuu. Ile miaka mitano ikazidi thelathini. Aliibadili nchi jina ikawa Zaire, akavifuta vyama vyote isipokuwa chake, akajijengea jumba la kifalme katika msitu wa Gbadolite na uwanja wa kutoshea ndege kubwa kabisa. Nchi za magharibi zilimjua alivyo, lakini walimtunza kwa sababu aliwapinga Warusi. Watu wa Katanga walipomshambulia katika miaka ya 1977 na 1978, waliomwokoa walikuwa askari wa Moroko, Ufaransa na Ubelgiji.

Vita baridi ilipokwisha, wakubwa hawakuwa na haja naye tena. Fedha ikapungua. Katika mwaka wa 1991 askari wake mwenyewe walipora Kinshasa kwa kukosa mshahara. Katika mwezi wa Januari, 1993, wakalipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano, lakini wenye maduka walizikataa, nao wakapora tena. Katika mwezi wa Mei, 1997, jeshi la Laurent Kabila, likisaidiwa na Rwanda na Uganda, liliingia mjini. Mobutu akakimbia, akafa Moroko mwezi wa Septemba. Aliyeingia kwa bunduki alitolewa kwa bunduki, na katika muda ule wote hakuna raia aliyepata nafasi ya kweli ya kumchagua mwingine.

Jibu la mtoto

Kwetu Tanganyika nako askari waliasi, tarehe 20 Januari, 1964, katika kambi ya Colito. Sababu zilifanana na zile za Kongo: mshahara mdogo na maofisa wa kigeni. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita askari wa Uingereza, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona kuwa aibu. Lakini hakuliacha jeshi lile liendelee kama zamani. Alilivunja, na mwezi wa Septemba mwaka ule likaundwa Jeshi la Wananchi. Wageni walioitwa walifanya kazi yao, wakaondoka. Hapo ndipo njia zetu na za jirani zetu zilipoachana.

Basi nilirudi darasani nikamwambia mtoto yule hivi: Usimtazame askari siku ya kwanza tu, aingiapo mjini watu wakipiga vigelegele. Uliza mambo matatu. Nani amlipaye? Mgeni gani anafurahi kwa kuja kwake, na anataka nini chini ya ardhi? Naye akiwa mbaya, nani atamwondoa? Huko Mali, Burkina Faso na Niger askari wa Ufaransa walitolewa katika miaka ya 2022 na 2023, na watu walikuwa na sababu zao za kuchoka nao. Lakini Warusi wakapokelewa badala yao. Mwenye nyumba abadiliye mlinzi hajapata bado ufunguo.

Tena nilimwambia ya kuwa wageni wana hatia yao kubwa, wala historia haiwasamehe. Lakini mlango waliopita ulifunguliwa na ugomvi wa ndani: Rais na Waziri Mkuu walioitana waasi katika redio, na majimbo yaliyotaka kula mali yao peke yao. Wahenga walisema, vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Lakini Mwalimu, yule mtawala mbaya bado yupo." Nikamjibu, "Kweli, yupo. Ndiyo maana watu hawana budi kujifunza kumwondoa wenyewe, katika baraza, kabla askari hajapata udhuru wa kuja." Hakuridhika kabisa, nikaona usoni pake. Wala mimi sikumlaumu, kwa sababu Wakongo nao wangali wakilitafuta jibu hilo mpaka leo. Nakomea hapa, nikiwaachia wasomaji swali lake walizungumze nyumbani kwao.