Yogati ya barafu: Jinsi ya kuitengeneza nyumbani bila kuhatarisha afya

MIEZI ya Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika kuanza, huwa ya joto jingi katika mtaa wa Ngoingwa, ulio kando ya barabara itokayo mjini Thika kuelekea Mang'u, Kaunti ya Kiambu. Watoto hurejea nyumbani jioni wakitamani kitu baridi, na mzazi mwenye watoto watatu au wanne huona jinsi aiskrimu ya kila siku inavyoumiza mfuko.

Yogati ya barafu ni mbadala unaoweza kuandaliwa na yeyote mwenye jokofu la kawaida lenye sehemu ya kugandisha. Haihitaji mashine. Malighafi nayo haiko mbali. Maziwa hutoka kwa wafugaji wa Gatundu na vijiji vya jirani, na pia kwenye viwanda, kikiwemo cha Brookside kilichoko Ruiru. Nanasi nalo ni tunda linalotambulisha Thika, kwa sababu ya mashamba makubwa ya kampuni ya Del Monte.

Hata hivyo, urahisi huo una mtego wake. Ni rahisi mtu kudhani kwamba baridi ya friza hurekebisha kila kosa lililotendeka awali. Ukweli ni kwamba baridi haiui vijidudu vya maradhi, bali huvilaza tu, navyo huamka chakula kinapoyeyuka. Kazi ya kusafisha hufanywa na moto, kabla ya chakula kufika kwenye friza. Anayelikumbuka jambo hilo moja ameepuka hatari nyingi zinazoandamana na kitafunio hiki.

Asili yake

Yogati ni maziwa yaliyogandishwa na bakteria wa aina mbili wanaopenda joto. Bakteria hao hula sukari ya asili iliyomo katika maziwa na kuigeuza kuwa asidi, nayo asidi huyafanya maziwa yawe mazito na yenye ukali wa kupendeza. Mwaka 1905, Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa akisomea udaktari mjini Geneva, Uswisi, alimbainisha mmoja wa bakteria hao katika yogati ya nchini mwake.

Wakenya si wageni wa maziwa yaliyochacha. Wakalenjin wana mursik, inayohifadhiwa katika vibuyu vilivyopakwa masizi ya mkaa wa miti maalumu, na maziwa lala huuzwa katika maduka kote nchini. Maziwa lala pia yaweza kugandishwa kwenye friza, lakini huwa mepesi kuliko yogati, na barafu yake huwa ngumu zaidi.

Wazo la kuiuza yogati ikiwa barafu lilishika kasi nchini Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1981 maduka ya TCBY yalianzia mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, na biashara hiyo ikaenea kwingineko. Mashine za maduka hayo hukoroga yogati bila kukoma inapoganda. Nyumbani, kazi hiyo hufanywa kwa mwiko.

Kuchagua maziwa

Kabla ya moto, kuna uamuzi ambao hauwezi kusahihishwa baadaye, nao ni wa kuchagua maziwa. Yapo mambo mawili ambayo moto hauwezi kuyaondoa. La kwanza ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ambayo hupita kutoka kwenye lishe iliyooza ya ng'ombe hadi kwenye maziwa. La pili ni mabaki ya dawa alizotibiwa ng'ombe, ikiwa maziwa yake yaliuzwa kabla ya muda uliowekwa na daktari wa mifugo kumalizika.

Kwa sababu hiyo, ni bora kununua kwa mfugaji au muuzaji anayejulikana, au kuchukua maziwa ya pakiti. Ipo pia ishara ambayo mwandaaji ataiona mwenyewe. Maziwa yenye mabaki ya dawa za kuua bakteria, au yaliyotiwa kemikali ili yasiharibike upesi, mara nyingi hukataa kuganda, kwani bakteria wa yogati nao huuawa. Ikiwa kila hatua ilifuatwa ipasavyo, chachu ilikuwa hai na joto lilitosha, lakini maziwa yakabaki majimaji, chanzo chake kinafaa kutiliwa shaka.

Kuchemsha

Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa brusela, kifua kikuu cha ng'ombe na maradhi ya kuhara. Vyote hivyo hufa maziwa yanapochemshwa. Thika iko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maziwa huchemka yanapofika karibu nyuzijoto 95, badala ya 100 kama yanavyokaribia kufika kule Mombasa. Joto hilo linatosha kabisa.

Kwa watu sita, lita moja ya maziwa yasiyoondolewa mafuta inatosha. Yamiminwe katika sufuria safi na kuchemshwa, kisha moto upunguzwe na yaachwe kwa dakika kumi zaidi huku yakikorogwa ili yasiungue. Dakika hizo zina faida mbili: huhakikisha usalama, na hubadilisha protini za maziwa ili yogati iwe nzito. Ndiyo maana hata maziwa ya pakiti, ambayo tayari yamesafishwa kwa joto kiwandani, hufaa kupitishwa motoni tena.

Kugandisha kwa chachu

Maziwa yakishaipuliwa, yafunikwe na kuachwa yapoe hadi nyuzijoto 43 au 45. Asiye na kipimajoto adondoshe tone moja juu ya kifundo cha mkono: likihisiwa kuwa la vuguvugu bila kuchoma, wakati umefika. Maziwa yakiwa moto zaidi ya hapo, chachu itakufa. Yakiwa baridi, italala.

Chachu yenyewe ni vijiko vitatu vya mezani vya yogati ya dukani isiyo na sukari wala ladha, ambayo pakiti yake inaeleza kuwa ina bakteria hai. Yogati hiyo ichanganywe kwanza na kikombe kimoja cha yale maziwa ya vuguvugu, kisha imiminwe ndani ya sufuria na kukorogwa taratibu. Vyombo vyote vitakavyotumika kuanzia hapa vioshwe na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka, kwa kuwa maziwa hayatarudi motoni tena.

Kinachofuata ni kuhifadhi joto. Maziwa yanaweza kutiwa katika chupa ya themosi, au sufuria ikafunikwa vyema na kufungwa kwa blanketi, au kuwekwa ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto ambacho baadhi ya familia hutumia kuivisha maharagwe. Baada ya saa sita hadi nane yatakuwa yameshikana. Yasitikiswe katika muda huo.

Yogati iliyoganda huingizwa katika jokofu hadi ipoe, kisha humiminwa juu ya kitambaa safi kilichotandazwa kwenye chujio, na kuachwa humo jokofuni kwa saa mbili ijichuje. Majimaji ya rangi ya manjano yatakayotiririka yasimwagwe, kwani yanafaa kukandia unga wa chapati. Kitakachobaki ni zaidi kidogo ya nusu lita ya yogati nzito. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo barafu itakavyokuwa laini.

Nanasi lisitiwe bichi

Hapa ndipo mkazi wa Thika anapoweza kuharibu kazi ya siku nzima kwa tunda la nyumbani kwake. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho hukatakata protini. Ndicho kinacholifanya nanasi lilainishe nyama, na ndicho kinachowasha ulimi wa anayekula nanasi kupita kiasi. Kikikutana na yogati, huivunjavunja protini yake. Yogati huwa nyepesi na kupata uchungu. Baridi ya friza hupunguza kasi ya uharibifu huo bila kuukomesha. Papai lina tabia kama hiyo.

Dawa yake ni moto ule ule. Nusu ya nanasi la wastani imenywe na kukatwa vipande vidogo, kisha ipikwe pamoja na vijiko sita vya mezani vya sukari kwa dakika kumi tangu ianze kuchemka. Joto hukiharibu kimeng'enya, nalo tunda hubaki na ladha yake. Mchanganyiko huo upondwe au usagwe kwa blenda, kisha upoe kabisa katika jokofu. Nanasi la mkebe halihitaji kupikwa, kwa sababu lilikwisha kupata joto kiwandani.

Embe, ndizi mbivu na matunda ya karakara hayana tatizo hilo. Yanafaa kuoshwa vyema kabla ya kumenywa au kukatwa, kisha kupondwa na kuchanganywa na sukari.

Sukari haitiwi kwa ajili ya utamu pekee. Hufanya maji yagande kwa shida zaidi, na hivyo barafu haiwi ngumu kama jiwe. Anayeipunguza sana asishangae kijiko kikikataa kuingia. Anayependelea asali badala ya sukari azingatie kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapaswi kupewa asali.

Kugandisha kwenye friza

Yogati na tunda vikiwa baridi vyote viwili, huchanganywa na kumiminwa katika chombo kipana kisicho na kina kirefu, chenye kifuniko. Chombo cha aina hiyo hupoa haraka, na mpoo wa haraka huzaa chembe ndogo za barafu. Mpoo wa polepole huzaa chembe kubwa zinazokwaruza ulimi.

Baada ya dakika 45 kingo zitakuwa zimeanza kuganda. Chombo kitolewe, yogati ikorogwe kwa nguvu kwa uma au mwiko hadi mabonge yavunjike, kisha irudishwe. Zoezi hilo lirudiwe kila baada ya nusu saa, mara tatu au nne. Kukoroga huvunja chembe za barafu na kuingiza hewa, na hapo ndipo ulaini unapopatikana. Baada ya takriban saa nne huwa tayari. Ikiwa imelala usiku kucha, iachwe nje dakika kumi kabla ya kupakuliwa.

Watoto wanaopendelea barafu za vijiti wanaweza kumiminiwa mchanganyiko huo katika vikombe vidogo, kijiti kikachomekwa katikati. Hizo hazihitaji kukorogwa, ingawa huwa ngumu zaidi.

Stima ikipotea

Hatari ya mwisho hutokea wakati kazi imekwisha. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa saa nyingi, na si mara hiyo pekee. Stima ikipotea, jambo la kwanza ni kutofungua mlango. Friza kubwa iliyojaa huweza kuhifadhi baridi kwa karibu siku mbili ikiwa imefungwa, na iliyojaa nusu kwa siku moja. Kijisehemu cha barafu kilichomo ndani ya jokofu dogo hakiwezi kustahimili muda huo.

Stima ikirejea, yogati ikaguliwe.  Ikiwa imeyeyuka na kukaa katika joto la nyumba kwa zaidi ya saa mbili, imwagwe. Ukali wa asili wa yogati unaweza kuficha dalili za kuharibika, kwa hiyo kuonja si kipimo. Kuigandisha tena kutairudishia umbo, lakini hakutaondoa vijidudu vilivyozaana.

Yeyote anayefikiria kuigeuza kuwa biashara anapaswa kwanza kuwaendea maafisa wa afya ya umma wa kaunti, Bodi ya Maziwa ya Kenya na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) ili aelezwe vibali vinavyohitajika. Kulisha watoto wa jirani kwa malipo ni wajibu mkubwa kuliko kulisha wa nyumbani.

Kwa matumizi ya familia, yogati hii ni nzuri zaidi ikiliwa katika muda wa wiki mbili au tatu. Vijiko vitatu vya yogati isiyotiwa tunda wala sukari vikitengwa kwa kijiko safi kabla ya kuchanganya, na kuwekwa jokofuni, vitakuwa chachu ya lita nyingine ya maziwa wiki hiyo hiyo, na mwandaaji hatalazimika kurudi dukani.