Kaa wa Delta na Nembo ya Wanaprogramu

Kabla ya kuwa alama ya kampuni, nembo ilikuwa chale: alama ya ukoo au kabila iliyochanjwa mwilini. Mwenye nembo alikuwa yule aliyeivaa. Maana hiyo kongwe yatufaa tunapoitazama historia fupi ya kaa mmoja.

Tarehe 15 Mei 2015 lilitolewa toleo la 1.0 la Rust, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kwa Kiingereza jina hilo ni kutu, na mwanzilishi wake, Graydon Hoare, alilitoa kwa kuvu waletao ugonjwa wa kutu katika mimea. Nembo rasmi ni gurudumu la meno lenye herufi R. Watumiaji, hata hivyo, walikuwa na mchezo wao. Kiingereza huwaita kaa na kamba “crustacean”. Ukiidondosha herufi ya kwanza, jina la lugha hiyo linachomoza. Basi wakajiita “rustacean”. Kutokana na tauria hiyo Karen Rustad Tölva alimchora kaa wa rangi ya chungwa, Ferris, akaiachia haki ya mchoro huo umma wote. Hadi leo kaa huyo si nembo rasmi, naye hupendwa kuliko gurudumu.

Aprili 2023 taasisi ya Rust Foundation ilitoa rasimu ya kanuni za kutumia jina na nembo rasmi. Wengi waliiona yabana mno, wakalalamika, na taasisi ikaahidi kuirekebisha. Baada ya hapo baadhi yao waliinakili lugha nzima, wakaipa jina la kaa: Crab. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hapa mzaha ulizaa hoja ya umiliki.

Tauria hiyo haitafsiriki. Kwa Kiswahili, kutu na kaa hayana sauti ya kuyaunganisha. Lakini neno letu lina utajiri wake, na Kibiti yatosha kuuonyesha. Katika mikoko ya delta ya Rufiji, kaa ni kaa koko, mwenda upande, mchimba matope. Bara kidogo, kaa ni kipande cha mkaa, ule upakiwao kwa magunia kwenda Dar es Salaam. Na kwa wenyeji wa pande zote mbili, kaa ni amri ya kitenzi: keti, ishi, usihame. Mshairi mmoja angeweza kuyafunga yote matatu katika kina kimoja.

Kijana wa Nyamisati anayejifunza lugha hiyo ya kompyuta hahitaji basi kuiazima tauria ya Kiingereza. Kaa anaye mlangoni. Akimchora akiwa na gando moja jekundu kama kaa la moto, atakuwa amefanya walichofanya wenzake: ameivaa nembo kwa ulimi wake, na kwa kuivaa, ameimiliki.