Lebo na Miksi za Singeli kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Singeli ni muziki wa kuchezwa unaotengenezwa kwa kompyuta, wenye mwendo wa kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Ulikulia katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, na sasa unapigwa usiku kucha kando ya barabara ya kaskazini, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo na Bagamoyo mjini. Ni lazima utenganishwe na muziki wa dansi, ambao kwa Watanzania ni muziki wa bendi: magitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji jukwaani, ukoo unaotoka kwa Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1932, ukapitia NUTA Jazz ya 1964 na Mlimani Park ya 1978. Dansi hutambuliwa kwa bendi, taarabu kwa kikundi, Bongo Fleva kwa msanii. Singeli hutambuliwa kwanza kwa studio ilikotengenezwa, na pili kwa DJ anayeipiga. Kwa hiyo haiwezi kuelezwa vizuri bila kueleza lebo zake na miksi zake.

Chimbuko lake la karibu ni mchiriku, ambao pia huitwa mnanda. Mchiriku wenyewe umetokana na ngoma za Wazaramo, hasa mdundiko, ngoma ya kutembea mitaani inayosindikiza sherehe huku umati ukiongezeka kila kona. Wapigaji wa mchiriku waliongeza juu ya ngoma hizo kinanda kidogo cha Casio, kilichopitishwa katika amplifaya chakavu hadi sauti ikakwaruza, na kukwaruza huko kukawa sehemu ya utamu wake. Kundi la Jagwa Music ndilo lililouvusha muziki huo baharini: albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Brussels. Singeli ilirithi kutoka mchiriku mlio wa kinanda, ung'ang'anizi wa mdundo mmoja na desturi ya kuchana maneno mfululizo. Kutoka taarabu ya kisasa ilichukua vipande vya muziki, ikavipandisha spidi hadi vinanda na fidla vikalia kwa sauti nyembamba ya juu. Ngoma ilihamia ndani ya kompyuta, lakini shughuli inayohudumiwa ni ileile ya harusi, unyago na mkesha wa mtaani.

Lebo, kwa maana inayofaa mwambao huu, ni jina linalobandikwa juu ya rekodi ili ijulikane imetoka mikononi mwa nani. Maana hiyo ni pana kwa makusudi. Ikibanwa iwe kampuni iliyosajiliwa, yenye mikataba na idara ya mauzo, sehemu kubwa ya singeli itabaki nje. Zipo aina tatu, nazo zilifuatana kwa wakati, ingawa ya pili na ya tatu zinaendelea pamoja hadi leo.

Aina ya kwanza ni lebo ya msambazaji. Ilitawala zama za kanda, baada ya redio binafsi kuanza kurusha matangazo mwaka 1994 na soko la muziki wa nyumbani kupanuka. Wasambazaji wa Dar es Salaam kama GMC, Mamu na FKW walipokea rekodi iliyokwisha kutengenezwa, wakaizalisha kwa wingi na kuipeleka mikoani. Msambazaji hakuwa na sauti yake mwenyewe: duka lilelile liliuza kwaya, taarabu, rap na dansi, na mnunuzi hakununua kanda kwa sababu ya jina la msambazaji. CD zilipoenea, kisha simu zenye memori kadi, aina hii ilipoteza kazi yake kubwa, yaani kunakili.

Aina ya pili ni lebo-studio, na hii ndiyo hasa lebo ya singeli. Ni chumba chenye kompyuta, spika, maikrofoni na programu ya kutengenezea muziki, mara nyingi FL Studio. Ndani yake mtu mmoja aweza kuwa prodyuza asubuhi, DJ usiku na msambazaji kesho yake. Mifano inayojulikana zaidi ni Sisso, studio ya Mburahati iliyobeba jina la prodyuza wake, na Pamoja Records ya prodyuza Duke. Kila moja ina mkono wake. Sisso na wenzake Jay Mitta na Bamba Pana walijulikana kwa biti kavu, za haraka, zenye kipande kifupi cha sauti kinachorudiwa bila huruma. Duke alivuta singeli kuelekea hip hop na kumwachia mchanaji nafasi zaidi. Sahihi ya lebo-studio haichapwi kwenye karatasi. Ni jingo, yaani sauti fupi iliyorekodiwa ikitaja jina la studio au la DJ, inayopachikwa mwanzoni mwa wimbo na kurudiwa katikati. Jingo ni muhuri, ni tangazo, na ni kinga dhidi ya mwizi: anayetaka kuiba biti ataiba na jina la mwenyewe.

Aina ya tatu ni lebo ya nje, ambayo hupokea kazi iliyokwisha kuzaliwa mtaani na kuipa umbo la kaseti, santuri au faili la kuuzwa duniani. Kwa singeli iliyo muhimu kuliko zote ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyoanzishwa na Arlen Dilsizian na Derek Debru, waliokwisha kuanzisha tamasha la Nyege Nyege huko Jinja mwaka 2015. Mkusanyo wao Sounds of Sisso wa mwaka 2017 ndio uliowapa wasikilizaji wa Ulaya jina la studio ya Mburahati hata kabla ya kujua jina la muziki wenyewe. Ulifuatwa na Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Mateso ya Sisso mwaka 2019, Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022 na Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko mwaka 2024.

Bagamoyo ilikwisha kuijua aina hii ya tatu kabla ya singeli, kwa njia ya muziki wa Kigogo. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliishi na kufundisha hapo, na sauti yake na zeze lake vilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel nchini Uingereza. Albamu yake Assembly ya mwaka 2002, aliyoifanya na Michael Brook, tayari ilikuwa imechanganya ilimba na vyombo vya kielektroniki. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji kupitia Soundway mwaka 2017, mwaka uleule wa Sounds of Sisso. Rekodi hizo mbili zilitoka mwambao mmoja zikiwa na hali tofauti kabisa: moja ilitoka katika mji wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambayo mizizi yake ni chuo cha sanaa cha mwaka 1981, nyingine ilitoka uchochoroni ambako hakuna aliyefundishwa darasani.

Miksi ni rekodi moja isiyokatika, ambamo DJ ameunganisha biti au nyimbo nyingi kwa mpangilio wake. Isichukuliwe kuwa sawa na mkusanyo. Katika mkusanyo kila wimbo una mwanzo na mwisho wake, na mwandaaji huchagua tu na kupanga. Sounds of Sisso ni mkusanyo. Katika miksi, kiungo kati ya wimbo na wimbo ni kazi ya sanaa yenyewe, na wimbo unaweza kukatwa, kurudiwa au kupandishwa spidi hadi mtunzi wake akautambua kwa shida. Ulaya ilizipa miksi za namna hii umbo la bidhaa rasmi mapema: mfululizo wa DJ-Kicks wa lebo ya !K7 ya Berlin ulianza mwaka 1995, kila toleo likiwa chini ya DJ au kundi lenye jina. Miksi ya singeli ina sifa hiyohiyo ya kusainiwa na DJ, lakini haikuzaliwa kwa ajili ya duka. Ilizaliwa kwenye kigodoro, mkesha wa mtaani ambapo spika na sabufa hupangwa barabarani na watu wakacheza hadi alfajiri.

Sehemu za miksi ni tano. Jingo hufungua. Biti hubeba. Kiungo huvusha kutoka biti moja hadi nyingine. Sauti ya MC, yaani mchanaji, huchana juu ya biti, na ndani ya michano huingia salamu, yaani majina ya wenye shughuli, ya mtaa, na ya waliotoa fedha za kutunza. Salamu zinastahili kuzingatiwa kuliko zinavyozingatiwa na wanaosikiliza kutoka mbali, kwa maana ndizo zinazoonyesha miksi ilipigwa wapi na kwa ajili ya nani. Msikilizaji wa Mapinga akisikia mtaa wake umetajwa huirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Utengenezaji wa kiungo unafaa kuelezwa kwa karibu. DJ wa singeli mara nyingi hana mashine ya kuchezeshea santuri wala meza ya gharama. Ana kompyuta mpakato yenye Virtual DJ, na vidole vyake viko kwenye kibodi ya kawaida. Biti ya kwanza inazunguka kwenye kipande cha sekunde chache. Ya pili inapakiwa upande mwingine, mshale wa spidi unapandishwa mpaka mapigo yakutane. Kisha kitufe cha kuanzia hugongwa haraka, mara nne, mara nane, mara kumi na sita, kila pigo likirudisha sauti mwanzo, hata sauti moja ya mtu au ya kinanda ikasagika na kuwa ngoma. Papo hapo biti ya pili huachiwa. Umahiri hupimwa hapo, kwa sababu kwenye mapigo 250 kuchelewa kidogo tu husikika, na wachezaji hupoteza mguu.

Kwa matumizi, miksi hugawanyika. Miksi ya biti tupu haina sauti ya mchanaji. Hutolewa ili MC wa mahali popote, awe Bunju au Kisutu ya Bagamoyo, apate pa kuchania bila kulipia studio. Miksi ya nyimbo, iitwayo nonstop, huunga nyimbo zilizokwisha kujulikana za wasanii kama Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila. Hii ndiyo ya bajaji, saluni, baa na daladala. Miksi ya shughuli hurekodiwa pale pale mkeshani, pamoja na vigelegele na filimbi za watu. Miksi ya redio husafishwa maneno na kufupishwa. Kituo cha EFM cha Dar es Salaam, kilichoipa singeli nafasi ya kudumu hewani na mashindano ya kuchana, kilichangia sana kuenea kwake. Miksi ya shughuli ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ijapokuwa sauti yake ni chafu, kwa kuwa ndani yake tu MC husikika akichana kwa muda mrefu huku DJ akimshikia biti, jambo ambalo wimbo wa dakika nne hauna nafasi nalo.

Vyombo vya kubebea miksi vimebadilika: kanda, CD, flashi, memori kadi, na sasa YouTube na kutumiana kwa WhatsApp. Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi vilikuwa kwa miaka mingi duka halisi la lebo-studio. Mteja alilipia kujaziwa, si kununua albamu fulani, na hivyo fedha ilibaki kibandani. Prodyuza alifaidika kwa njia nyingine: jina lililosambaa bure lilimletea shughuli, na shughuli ndiyo iliyolipa.

Kisheria, miksi inagusa haki za watu wengi kwa pamoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo chini yake iliundwa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inamtambua mtunzi, mwimbaji na mtengenezaji wa rekodi kila mmoja kwa haki yake. Biti moja ya singeli inaweza kuwa na kipande cha taarabu, sauti ya MC na kazi ya prodyuza, na miksi ikaunga biti thelathini za namna hiyo. Kigodoro chenyewe kimepigwa marufuku na viongozi wa serikali kwa nyakati tofauti, kwa sababu za kelele, usalama na uchezaji unaoonekana kuvuka maadili, na kila kinapozuiwa, miksi ya shughuli nayo hukosa mahali pa kurekodiwa.

Kuhusu uhifadhi, hali ya aina tatu za lebo hailingani. Kilichotolewa na lebo ya nje kina namba ya toleo, tarehe na jalada. Kilichotolewa na msambazaji kilichapwa angalau jina kwenye karatasi ya kanda. Miksi ya lebo-studio mara nyingi hubaki na jina la faili tu, na flashi ikijaa hufutwa kupisha mpya. Ni hasara ya kweli, kwa kuwa humo ndimo sehemu kubwa ya singeli ilimorekodiwa. Kuiorodhesha miksi ipasavyo kunahitaji mambo sita: jina la DJ, studio kadiri jingo linavyoitaja, mtaa kadiri salamu zinavyoutaja, maMC waliosikika, mwendo wa mapigo, na aina ya shughuli. Matano kati ya hayo yamo ndani ya sauti yenyewe, na anayeifahamu mitaa hiyo anaweza kuyaandika kwa kusikiliza mara moja. La sita, aina ya shughuli, linahitaji aulizwe DJ aliyepiga.