Masikio yanavuma au yanalia bila kelele? Haya ndiyo ya kujua na kufanya

Je, unasikia mlio, mvumo au sauti kama ya nyenje masikioni, ilhali wenzako hawasikii kitu? Hali hii kitaalamu huitwa tinitasi. Si wazimu, si mapepo, na haiambukizi. Watu wengi wanayo, wakimbizi na wenyeji vilevile.

Inatokana na nini?

Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Vikiharibika havioti tena. Ubongo ukikosa sauti uliyoizoea hujaribu kujaza pengo, na hapo ndipo unasikia mlio. Visababishi vya kawaida ni hivi:

- Kelele kubwa. Hapa Tororo kuna viwanda vya saruji na machimbo ya mawe. Upande wa Busia kuna wachimbaji wa dhahabu wanaotumia mashine za kusaga mawe. Ongeza vinu vya unga, karakana za kuchomelea vyuma, na spika za disko na mikesha. Ikiwa ulikimbia vita, milipuko na risasi pia huumiza masikio.
- Nta iliyoziba sikio, au sikio linalotoa usaha.
- Dawa. Kwinini inayotibu malaria, na aspirini nyingi, huweza kuleta mvumo ambao kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Sindano za gentamaisini, streptomaisini na kanamaisini zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja.
- Umri, presha ya damu na kuumia kichwa.

Kama unatibiwa kifua kikuu na masikio yameanza kulia, mwambie mhudumu siku hiyohiyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Niende hospitali lini?

Nenda mara moja, usingoje wiki iishe, ikiwa:

- sikio limeacha kusikia ghafla (matibabu hufaa zaidi yakianza mapema);
- mlio umeanza baada ya kugongwa kichwa;
- una kizunguzungu kikali, au uso umelegea upande mmoja.

Nenda pia, hata kama si siku hiyohiyo, ikiwa mlio uko sikio moja tu, au unadunda pamoja na mapigo ya moyo.

Niende wapi?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au muulize VHT wa kijiji chako. Kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2006, mkimbizi ana haki ya huduma za afya, na huhudumiwa katika vituo vya serikali kama mwenyeji. Beba kitambulisho chako na dawa zote unazotumia. Mwombe mhudumu achungulie masikio na apime presha. Ikihitajika, omba rufaa: kwa Tororo na Busia ya Uganda, hospitali ya rufaa ya mkoa ni ya Mbale. Ukiwa Busia ya Kenya, hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Busia.

Naweza kufanya nini nyumbani?

Hakuna kidonge kinachojulikana kuponya tinitasi, kwa hiyo usipoteze pesa kwa anayekuahidi tiba ya siku moja. Lakini kwa wengi mlio hupungua kero kadiri ubongo unavyouzoea. Saidia hivi:

- Usilale katika kimya kabisa. Washa redio kwa sauti ya chini.
- Punguza wasiwasi. Hofu na kukosa usingizi huukuza mlio. Kama mlio unakukumbusha uliyoyapitia vitani, au unajihisi umekata tamaa, omba kuonana na mshauri nasaha.
- Usiingize njiti, unyoya, mafuta ya moto wala mafuta ya taa sikioni.

Nitalindaje masikio yaliyobaki?

Kipimo rahisi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo inadhuru. Wataalamu huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kazini dai vizibo vya masikio. Pamba kavu haitoshi. Pumzika mbali na mashine kila unapoweza, na usiwaweke watoto mbele ya spika.