Burundi: Kwa nini mshahara wa mwalimu hupungua kabla ya kumfikia mkononi?

Katika mtaa wa Mushasha mjini Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, mwalimu wa shule ya sekondari anapopokea hati yake ya malipo hukuta kiasi cha aina mbili: mshahara ghafi ulioandikwa juu, na ule anaoondoka nao, ulioandikwa chini. Tofauti kati ya viwili hivyo ni makato.

Makato hayo ni yapi?

La kwanza ni mchango wa pensheni. Mwalimu wa shule binafsi huchangia asilimia 4 katika mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS, naye mwajiri huongeza asilimia 6. Mwalimu wa serikali huchangia pensheni ya watumishi wa umma, pamoja na bima ya afya ya watumishi hao. La pili ni kodi ya mapato ya ajira, ambayo mwajiri huikata na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR.

Kodi hukokotolewaje?

Sheria ya kodi ya mapato ya Januari 2013 iliweka madaraja matatu. Faranga 150,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Kuanzia hapo hadi 300,000, kodi ni asilimia 20. Kinachozidi 300,000 hutozwa asilimia 30.

Chukua mfano wa mwalimu ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni faranga 400,000. Sehemu ya kwanza haimgharimu kitu, ya pili humkata 30,000, na 100,000 zilizobaki humkata 30,000 nyingine. Jumla ni 60,000, yaani asilimia 15 ya mapato hayo.

Wapo wanaohofu kwamba nyongeza ndogo ikiwavusha daraja, mshahara wote utatozwa asilimia 30. Sivyo. Anayetoka 300,000 hadi 310,000 huongezewa kodi ya 3,000 tu, naye hubaki na 7,000.

Tatizo liko wapi?

Madaraja yamewekwa kwa faranga, nayo faranga imeshuka thamani. Mwaka 2013, dola moja ya Marekani ilikuwa takriban faranga 1,550, hivyo 300,000 zilikaribia dola 194. Baada ya sarafu kushushwa thamani Mei 2023 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola, kiasi hicho hicho hakikufikia dola 108. Mwalimu anayeongezewa mshahara ili kufidia kupanda kwa bei hujikuta katika daraja la juu bila kuwa tajiri zaidi: kwa kila faranga 1,000 anazoongezewa, 300 hukatwa.

Hata kilichobaki hakijasalimika. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Burundi mwaka 2009, ni asilimia 18 kwa bidhaa nyingi za dukani.

Nchi jirani zimewahi kurekebisha mipaka hiyo. Tanzania, mwaka 2020, ilipandisha kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi, na mwaka uliofuata ikapunguza kodi ya daraja la chini kutoka asilimia 9 hadi 8.

Kwa mwalimu wa Mushasha, basi, swali si asilimia anayokatwa peke yake, bali pia kiwango cha mshahara ambacho makato hayo huanzia.